Ile Sehemu Nyeupe Kwenye Ramani ya Biano

Wasomi wenzangu, na ninyi mnaosubiri kutetea TFC zenu, leo naomba tuache kidogo habari za kobalti na bei yake. Nataka tuzungumze juu ya karatasi.

Karatasi yenyewe ni ramani ya zamani ya Katanga, ya skeli ya 1:200 000, moja ya zile zilizotolewa na Comité Spécial du Katanga, ambayo wazee wetu wanaiita CSK tu. Kila karatasi inafunika digrii moja ya latitudo kwa digrii moja ya longitudo, yaani karibu kilomita 110 kila upande. Sentimita moja ni kilomita mbili. Mito ipo, reli ipo, miinuko ipo, vijiji vimewekwa kama vidoto vyenye majina. Halafu ufuate kwa kidole reli inayotoka Tenke kwenda Bukama. Ukipanda kwenye uwanda wa Biano, majina yanaanza kupungua. Unaona vijito vinavyochipuka kwenye mabonde yenye maji, unaona alama za ferma ya ng'ombe, na pembeni karatasi inabaki nyeupe. Pale hapakuwa na mtu, si ndiyo? Ndivyo wengi wetu tunavyosoma ramani: kisichoandikwa hakikuwapo.

Mimi sikubali. Naamini weupe ule hauhesabu watu. Unaonyesha nani aliulizwa, aliulizwa nini, na aliyeuliza alikuwa anatafuta nini. Na kwetu sisi wa Lualaba jambo hili si la makumbusho. Mtu akija leo na karatasi mkononi kusema ardhi fulani haikuwa ya mtu, mara nyingi karatasi yake ina nyanya na babu, na babu yao ni hii.

Tuanze mbali kidogo. Mapema mwaka 1891, Dola Huru la Kongo la Mfalme Leopold II lilipatana na wafanyabiashara wa Brussels kuhusu Katanga. Kampuni mpya, Compagnie du Katanga, itume misafara, ishikilie nchi; kama malipo ipewe theluthi moja ya ardhi ya Dola, na Dola libaki na theluthi mbili. Watagawanyaje? Walichukua mistari ya latitudo na longitudo, wakaikata nchi kuwa vipande vya pembe nne, hiki cha kampuni, hivi vya Dola, kama ubao wa drafti. Fikirini: wakati ule hakuna Mbelgiji aliyekuwa amepima hata mlima mmoja huku. Msiri alikuwa hai, anatawala Bunkeya, anapokea kodi ya shaba na pembe. Aliuawa tarehe 20 Desemba 1891, na mtu wa msafara wa Stairs. Maana yake nchi iligawanywa kwenye karatasi miezi kadhaa kabla ya mwenye nchi kufa. Katanga ina kilomita za mraba karibu 497 000, Ubelgiji mara kumi na sita. Waliigawa bila kujua mto upo wapi.

Bila shaka mpango ule haukufanya kazi. Ukiwa umesimama kwenye pori la miombo, bila alama yoyote, utajuaje kama mguu wako wa kuume uko kwenye kipande cha kampuni na wa kushoto kwenye cha Dola? Mwaka 1900 wakaacha drafti, wakaunda CSK isimamie ardhi yote kwa pamoja na kugawana faida kwa hesabu ileile, theluthi moja kwa theluthi mbili. Hadi 1910 CSK ilikuwa ndiyo serikali yenyewe huku. Baada ya hapo ikabaki mwenye kugawa: ardhi ya ferma, ardhi ya miji, haki za madini. Naomba mkumbuke hilo tunapoendelea. Huyu aliyechora ramani ndiye aliyekuwa anatoa ardhi. Ofisi iliyopima na ofisi iliyogawa zilikuwa nyumba moja.

Kupima kwenyewe kulianza polepole. Jules Cornet, mtaalamu wa mawe, alipita na msafara wa Bia na Francqui kati ya 1891 na 1893, na vilima vya shaba alivyoandika alionyeshwa na wenyeji. Vingine vilikuwa tayari vimejaa mashimo ya wachimbaji wetu, kwa hiyo neno "aligundua" mlichukue na chumvi. Charles Lemaire akafuata 1898 hadi 1900, anapima mahali kwa kutazama nyota. Kati ya 1911 na 1914 tume ya Waingereza na Wabelgiji ikapita kwenye mgongo unaotenganisha maji ya Kongo na ya Zambezi, ikiweka nguzo za mpaka na Rhodesia. Mwaka 1919 CSK ikawa na idara yake ya jiografia na jiolojia, chini ya Maurice Robert. Ni idara hiyo iliyofanya kazi ndefu, karatasi kwa karatasi, kwa miaka arobaini.

Wenzangu wa jiografia watanisamehe nikieleza walivyofanya, maana wengine hapa ni wa sheria na uchumi. Huwezi kupima nchi kubwa kwa kuvuta kamba toka Kinsenda mpaka Bukama. Unapima mstari mmoja tu chini, kwa uangalifu mkubwa sana, kwa waya wa invar, ambayo ni chuma kilichochanganywa na nikeli ili joto lisiurefushe. Toka ncha mbili za mstari ule unatazama kilele cha tatu kwa teodoliti na kusoma pembe. Ukijua upande mmoja na pembe, pande nyingine zinakuja kwa hesabu. Ile pembetatu inazaa nyingine, hiyo inazaa nyingine, mpaka nchi nzima inavaa wavu wa pembetatu. Mwanzo wa wavu wa Katanga, ile nukta ambayo vipimo vingine vyote vinaitegemea kwenye mfumo uitwao Katanga 1955, ni Tshinsenda, kusini-mashariki karibu na mpaka wa Zambia. Leo wengi wanapaandika Kinsenda, kama nilivyofanya hapo juu. Hata jiwe la msingi la ramani yetu lina majina mawili!

Sasa, kilele hakionekani chenyewe. Katanga ni nchi ya miti. Lazima mtu apande, afyeke miti ya juu, asimamishe mnara wa mbao, arudishe mwanga wa jua kwa kioo ili mwenzake aliye kilomita arobaini amwone. Wakati wa mvua mawingu yanafunika kila kitu. Agosti na Septemba moshi wa nyasi zinazoungua unafanya upeo uwe kama maziwa. Kwa hiyo siku nzuri ni chache, na kambi nzima inangoja. Nani alifyeka? Nani alibeba sanduku la teodoliti, ambalo haliruhusiwi kugongwa? Nani alishika kioo? Ukisoma pembezoni mwa karatasi utakuta ofisi, skeli, mwaka. Wabebaji na wafyekaji hawamo. Na mtu muhimu kuliko wote, kwa maoni yangu, ni yule aliyeulizwa kila kwenye kijito: "Huu mto unaitwaje?" Majina yote ya ramani ile yalitoka mdomoni mwa mtu huyo, yakapita kwenye sikio la Kifaransa, yakafika kwenye karatasi.

Na alijibu kama anavyojibu mtu yeyote: kadiri alivyoulizwa. Huku kwetu kijiji kiliitwa mara nyingi kwa jina la shefu wake. Shefu akifa, au udongo ukichoka, au kukitokea vifo vingi, kijiji kinahama, na jina linaweza kuhama nacho au kubadilika. Halafu serikali ya kikoloni nayo ikahamisha vijiji, mara kwa sababu ya malale, mara kuvisogeza kando ya barabara ili kodi na wafanyakazi vipatikane kwa urahisi. Mpimaji akipita mwaka fulani anaweka kidoto. Miaka kumi baadaye kidoto kinasema uongo, lakini karatasi inaendelea kuuzwa.

Turudi Biano. Uwanda ule uko juu, zaidi ya mita 1 500, na unafanana na Manika, uwanda ambao mji wetu wa Kolwezi unaukalia. Udongo ni mchanga, miti ni adimu, nyasi zinaenda mpaka macho yachoke. Wenyeji wanapaita dilungu, na wataalamu wa mimea waliazima neno hilohilo kwenye vitabu vyao. Aliyezoea filamu za Marekani atadhani yuko kwenye zile nyika za machunga ng'ombe, isipokuwa hapa Juni na Julai alfajiri unaweza kukuta barafu nyembamba kwenye majani.

Mchanga ule haulishi mhogo wala mahindi vizuri, kwa hiyo watu walijenga na kulima chini, kwenye mabonde na kingo zenye maji na miti. Juu walikwenda kuwinda, kupita, kutafuta vitu vya msimu. Ardhi ya kwenda na kurudi. Mpimaji aliyeagizwa aweke alama ya nyumba ataweka nini mahali ambapo mtu analala siku nne kwa mwaka?

Kwa Mbelgiji, kitu kilichoonekana bora pale juu kilikuwa kile kisichokuwapo: mbung'o. Mabonde yenye joto yaliua ng'ombe. Uwanda baridi usio na vichaka uliwaacha hai. Na migodi ilikuwa na njaa. Union Minière, iliyoanzishwa 1906, tangu mwishoni mwa miaka ya 1920 ilianza kuwaweka wafanyakazi kambini pamoja na wake na watoto, na kuwapa posho ya chakula. Kambi za namna hiyo zinataka nyama kila juma. Basi makampuni ya ufugaji yakaingia, kama Elakat na Grelka, yaani Grands Élevages du Katanga, ambayo ng'ombe zake zipo Biano hadi leo. Ferma ya ukubwa ule haianzi kwa ng'ombe. Inaanza kwa karatasi: maji yako wapi, mteremko ukoje, mpaka unapita wapi, reli iko umbali gani. Ndiyo maana nasema ramani ya nyasi za Biano ilikuwa pia ramani ya sufuria za wachimba shaba. Vitu hivi tunavisoma kwenye kozi tofauti, lakini shambani vilikuwa kitu kimoja.

Sheria nayo ilikuwa tayari. Tangu tarehe 1 Julai 1885 ardhi "tupu" ilihesabiwa kuwa ya Dola. Kila kitu kikategemea neno tupu. Dekreti ya 31 Mei 1934 ilidai uchunguzi ufanyike kabla ya kutoa ardhi, wenyeji waulizwe haki zao. Ni hatua, siikatai. Ila mchunguzi anafika shambani akiwa na nini mkononi? Na ramani. Nyeupe inazaa tupu, tupu inazaa mkataba, mkataba unazaa ferma, na ferma ikishawekewa alama kwenye toleo linalofuata inakuwa ushahidi kwamba siku zote pale palikuwa pa ng'ombe.

Msidhani wazee wetu hawakuwa na namna yao ya kuandika nchi. Waluba, kaskazini tu ya Biano, walikuwa na lukasa, ubao wa mkononi wenye shanga na makombe. Mtu wa chama cha Mbudye aliyefundishwa aliusoma kwa kidole: safari za waasisi, ukoo wa wafalme, viti vya mashefu, mahali patakatifu. Ubao uleule ungeweza kusomwa tofauti kulingana na shughuli na wasikilizaji. Lakini tusijidanganye kwa kuupamba sana. Lukasa nayo ilikuwa ya jumba la mfalme, na aliyeshindwa vita hakutajwa vizuri. Tofauti niionayo ni hii: lukasa ilihitaji msomaji anayejulikana, anayeweza kupingwa ana kwa ana. Ramani ya CSK haikuhitaji mtu. Ungeweza kuisoma Brussels usiku, peke yako, na kugawa mto.

Majina makubwa ndiyo yanayoonyesha hilo wazi. Tazameni mabwawa ya umeme. Mwadingusha, kwenye Lufira, 1930, waliliita Francqui. Koni likaitwa Bia, 1950. Nzilo, kwenye Lualaba yetu, 1952, likaitwa Delcommune. Nseke, 1956, Le Marinel. Wale viongozi wa misafara ya 1890 na 1891, wote wanne, waliwekwa kwenye maji. Aliyetembea miezi michache akapata ziwa. Na Likasi ikaitwa Jadotville. Baadaye majina yalirudishwa, na wengi wenu mlizaliwa mkisikia Nzilo tu. Lakini yale yalikuwa majina ya juu, yenye vibao. Vijito vidogo na vijiji vilivyohama havikuwa na rais wa kuvirudishia jina.

Katikati ya karne ndege zikaja. Mpango wa miaka kumi wa koloni, 1949 hadi 1959, ulitaka ramani haraka, na picha za anga zikawa njia kuu: ndege inapiga picha zinazopishana, mtu anaziweka mbili mbili chini ya kioo cha stereoskopu, na milima inainuka mbele ya macho yake. Ni kazi ya ajabu, na usahihi uliongezeka sana. Picha nyingi za miaka ile zimehifadhiwa kwenye jumba la makumbusho la Tervuren, karibu na Brussels. Lakini ndege haiulizi jina. Inaona paa, njia, shamba lililofyekwa. Watu waliendelea kutumwa chini kukagua na kuuliza, ila si kila kijito tena kilisababisha mazungumzo. Karatasi ikawa sahihi zaidi na bubu zaidi.

Tarehe 27 Juni 1960, siku tatu kabla ya uhuru, CSK ilivunjwa. Tarehe 7 Juni 1966 sheria ya Bakajika ikarudisha kwa Taifa ardhi na madini yaliyokuwa yametolewa na koloni. Wenye kugawa walibadilika. Zile karatasi zilibaki kwenye makabati, na mpaka leo kuna sehemu za jimbo letu ambazo karatasi zile ni kati ya maelezo bora tuliyo nayo.

Na hapa ndipo mambo yanageuka, kwa sababu karatasi ileile inaweza kusema upande wetu. Nilimpelekea nkambo wangu mmoja, upande wa mama, nakala ya karatasi ya sehemu zao, pembeni mwa uwanda. Hasomi Kifaransa. Nilimsomea majina kufuata mto, toka chini kwenda juu. Kwenye jina la nne akanisimamisha. Alisema: "Pale njo kwetu. Mugini ilihamaka, haikukufaka." Akataja shefu aliyebeba jina lile, akataja aliyemfuata, akaonyesha kwa kidole upande ambao makaburi yalibaki. Kwenye ramani upande ule ni mweupe kabisa.

Familia yake iliwahi kuambiwa, na watu waliokuja kupima eneo kwa ajili ya kazi za mgodi, kwamba makaburi bila kijiji hayathibitishi kitu. Sitaji kampuni, na sidhani ni moja tu inayosema hivyo. Ninachosema ni kwamba kidoto kile kipo, kimechapishwa, kina jina la shefu ambaye mzee anaweza kumtaja mpaka vizazi vitatu. Mwanasheria mzuri anaweza kufanya kitu na hilo. Ila awe mwangalifu: ukichukua namba za ramani ya zamani na kuziingiza moja kwa moja kwenye simu yako, utafika mahali pengine, zaidi ya mita mia kutoka pale. Wavu wa Tshinsenda na wavu wa setilaiti si mmoja. Lazima ubadilishe mfumo kwanza. Mita mia mbili ni umbali wa kutosha kuhamisha kaburi kutoka kibali kimoja kwenda kingine, na mpinzani wako atalijua hilo kabla yako.

Vibali vyenyewe, mmeviangalia vilivyochorwa? Kodi ya madini ya 2002 imeigawanya nchi nzima kuwa miraba inayofuata mistari ya latitudo na longitudo, kila mmoja hekta 84,955. Kadastre ya madini inahesabu vibali kwa miraba hiyo. Ni utaratibu safi, unazuia ugomvi kati ya makampuni, na mimi sitaki turudi kwenye vurugu za zamani. Lakini niliuona kwa mara ya kwanza kwenye kompyuta, juu ya Lubudi na Mutshatsha, nikaikumbuka drafti ya 1891. Mistari haijali mto, haijali njia, haijali kaburi. Mtu aliyeketi mbali anaweza kuchagua miraba kumi bila kujua jina la kijito hata kimoja.

Kwenye karatasi ya 1:200 000 mraba mmoja una upande usiofika nusu sentimita. Jina la kijiji cha nkambo wangu, kwa zile herufi ndogo za CSK, ni refu kuliko huo.

Kwa hiyo wale wenye wazee ambao bado wanakumbuka, kazi ni ya likizo hii ya Julai, barabara zikiwa kavu. Chukueni karatasi ya sehemu yenu, msome majina kufuata mto, toka chini kwenda juu, maana ndivyo watu walivyotembea, na muandike kila mnachoambiwa: shefu gani, kabla ya nani, kilihamia wapi, waliobaki chini wamelala upande gani. Na kama nkambo wako aliwahi kufyeka kilele au kushika kioo kwa ajili ya wapimaji, andika jina lake, na la mlima.